Kambi, vijiji na majina yasiyoandikwa: niliyoyasema Mugutha

Wanaofuata uzi huu wanajua utaratibu wetu: tunachukua hoja moja inayorushwa kwenye mikutano na kwenye runinga, tunaifungua tuone ndani kuna nini, na hatutaji mwanasiasa wala chama. Safari hii sikuandika upya. Nimeweka maneno niliyozungumza Jumamosi mbele ya kikundi cha vijana hapa Mugutha. Nimepunguza utani na kunyoosha sentensi chache, basi. Ni ndefu, soma polepole.

*

Heshima zenu wazee na akina mama mlioketi nyuma. Vijana wenzangu, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie "vijana na historia". Hiyo ni mada ya kulaza watu, kwa hivyo nimeikata. Nitazungumzia kambi za Hali ya Hatari, na vile vijiji. Sababu ni kwamba msimu wa siasa ukifika, jambo hili hutolewa kama panga. Mmoja anasimama anasema, "Sisi ndio wajukuu wa waliopigania uhuru." Wa pili anajibu, "Wewe? Babu yako alikuwa ngati!" Wa tatu, huyu huwa amevaa suti nzuri, anasema hayo ni ya kale, tusonge mbele, tuzungumzie uchumi. Na kwenye simu kuna wa nne anayeandika: "Waingereza si walishalipa?"

Hao wanne hawaelewani juu ya chochote, lakini kuna kitu wanakubaliana bila kujua. Hakuna hata mmoja anayezungumzia waliokufa bila kushika bunduki. Na hao ndio walikuwa wengi.

Tuanze na yanayojulikana. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960. Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi, likakamata watu kwa maelfu katika msako ulioitwa Operation Anvil. Walipelekwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Mtu alipitishwa mbele ya jamaa aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Wazee wetu walimwita gakunia. Gakunia akitikisa kichwa, umekwisha. Hakukuwa na kesi wala hakimu. Ulipewa rangi: mweupe, kijivu au mweusi. Mweupe alirudishwa kwao, kijivu alipelekwa kambi za kazi, na mweusi akapelekwa mbali, Hola, Manda, Mageta, Lodwar. Wavulana walikuwa na kambi yao Wamumu. Wanawake walijazwa Kamiti.

Serikali ya kikoloni yenyewe ilikiri kuwazuilia watu wapatao 80,000. Wanahistoria waliopekua makaratasi wanasema waliopita humo walikuwa wengi zaidi: David Anderson anataja angalau 150,000, Caroline Elkins anaanzia 160,000 na kwenda mpaka 320,000. Wengi walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na Wakamba walikuwemo pia. Ukisikia mtu kwenye mjadala anataja namba moja kwa uhakika kama amehesabu yeye mwenyewe mlangoni, jua anakuuzia.

Hapo kuna onyo lingine. Mtandaoni mtu ataandika "hii ilikuwa Auschwitz yetu". Mimi sisemi hivyo. Auschwitz ilijengewa vyumba vya gesi na zaidi ya watu milioni 1 waliuawa pale, wengi wao Wayahudi, kwa lengo la kuwamaliza wote. Kambi za hapa lengo lake lilikuwa kuvunja mtu mpaka akiri kiapo. Watu walipigwa, walihasiwa, walibakwa kwa chupa, walifanyishwa kazi mpaka wakaanguka. Hayo yanatosha kuitwa uovu bila kuazima jina la uovu mwingine. Ukiongeza chumvi, mpinzani wako ataacha kuzungumzia waliokufa, ataanza kuzungumzia chumvi yako.

Sasa Hola. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa waliokataa kufanya kazi walipigwa na askari mpaka 11 wakafa. Kwanza ilitangazwa kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Baadaye uchunguzi wa vifo ukaonyesha ni kipigo. Bunge la Uingereza lilikesha likijadili, na kambi zikaanza kufungwa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji yale. Mmoja wa waliopigwa siku hiyo, Wambugu wa Nyingi, alizimia akalazwa pamoja na maiti, kisha akazinduka. Zaidi ya miaka 50 baadaye alikwenda mahakama kuu ya London kusimulia.

Mbona tunajua ni 11, si "kama kumi hivi"? Kwa sababu palikuwa na karatasi. Palikuwa na daktari aliyepasua maiti, afisa aliyeandika ripoti, bunge lililochapisha nyaraka. Kila mmoja wa wale 11 ana mstari wake. Shikeni hilo, nitalirudia.

Vijiji havikuwa na karatasi. Kuanzia katikati ya 1954, zaidi ya watu milioni 1 walitolewa kwenye boma zao, nyumba zikachomwa, wakasukumwa kwenye vijiji zaidi ya 800 katika Kiambu, Murang'a, Nyeri, Embu na Meru. Kila kijiji kilizungushiwa seng'enge na handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na mnara wa walinzi ulisimama juu ya watu. Wanaume wengi walikuwa kambini au msituni, kwa hivyo waliobaki ni wanawake, watoto na wazee. Handaki walilichimba wao wenyewe. Shambani uliruhusiwa saa chache tu, na kijiji kikiadhibiwa, hata hizo saa zilikatwa. Watu walilala njaa huku mahindi yao yakiozea upande wa pili wa waya.

Marehemu John Blacker, mtaalamu wa idadi ya watu, alichukua sensa na kutafuta watu waliopaswa kuwepo lakini hawapo. Mwaka 2007 alichapisha jibu: vifo kama 50,000 kupita kiwango cha kawaida, na karibu nusu au zaidi ni watoto wa chini ya miaka 10. Kuna namba kubwa kuliko hiyo inayozunguka, ile ya 300,000, na ni hiyo hiyo aliyokuwa anaipinga. Ushauri wangu kwa wanaopenda kubishana: shikilieni 50,000. Nani anahitaji kubwa zaidi ya hiyo?

Lakini namba haina sura. Niruhusuni mfano wa kwetu. Shosho yangu alikuwa msichana mdogo katika kijiji kimojawapo upande wa Murang'a. Anakumbuka firimbi ya asubuhi. Anakumbuka mama yake akirudi kutoka handakini na mikono imechubuka. Na anakumbuka kaka yake mdogo, aliyeharisha siku chache akafa. Nilimuuliza jina. Akalisema mara moja tu, akaendelea kuchambua maharagwe.

Nikafikiria hivi. Sisi Wakikuyu tunajisifu kwamba jina halipotei, manake mtoto hupewa la guka au la cucu wake. Sawa. Lakini mtoto aliyekufa na miaka mitatu hakuzaa, hana mjukuu wa kulibeba jina lake. Hana picha wala cheti, na kaburi lake halijulikani. Mimi nilipolisikia tukawa watu wawili tunaolijua, na mmoja wetu amepita miaka 80. Nimeliandika daftarini. Hapa sitalitaja, ni la kwake kulitoa akitaka.

Wapo watakaouliza mbona wazee walinyamaza. Jibu lake ni la kisiasa, na kwa kuwa ndio somo langu chuoni, vumilieni kidogo. Vita vile havikuwa vya Mwingereza na Mwafrika tu. Walinzi wa kijiji walikuwa majirani, wakati mwingine ndugu wa tumbo moja. Waliokuwa upande wa serikali walipata leseni za biashara, walipata kura ya 1957 kwa cheti cha utiifu, na ardhi ilipopimwa upya wao walikuwepo kuonyesha mipaka. Aliyekuwa Manyani alirudi akakuta shamba limekuwa la mwingine. Hapa kwetu ndiko zilikotoka zile "colonial village" mnazozisikia zikidai hatimiliki mpaka leo: watu ambao hawakuwa na pa kurudi vijiji vilipovunjwa, wakabaki hapo hapo.

Uhuru ukaja, nchi ikaongozwa na watu wa pande zote mbili wakiwa meza moja, na neno likatolewa kwamba sote tulipigania uhuru, yaliyopita tuyasahau. Lilizuia watu kulipizana kisasi, nakubali, na si jambo dogo. Lakini lilifunga mdomo pia. Kundi la Mau Mau lilibaki haramu kisheria mpaka 2003. Hebu piga hesabu: miaka 40 ya uhuru, na mzee wako angali mwanachama wa kitu kilichopigwa marufuku na mkoloni. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti 2013 ilipewa kazi ya kuchunguza kuanzia 12 Desemba 1963. Yaani ilianzia siku ambayo hadithi hii ilikuwa imekwisha.

Makaratasi nayo yalisafirishwa. Kabla ya uhuru, wakoloni walichoma mengine na kuyabeba mengine kwa ndege. Faili kama 1,500 za Kenya zilikaa Hanslope Park, Uingereza, zikikanushwa, mpaka kesi ya wazee wetu ilipolazimisha zitolewe mwaka 2011. Leo zimewekwa kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza kule Kew. Mtoto wa Mugutha anayetaka kusoma alivyofungwa babu yake katika karatasi asilia anahitaji viza.

Na hapo ndipo tunamjibu yule wa nne, wa "walishalipa". Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, ikasema inajutia yaliyotokea. Soma vizuri: walalamikaji 5,228, walio hai, walioweza kuthibitisha mateso mwilini mwao. Kundi jingine la watu zaidi ya 40,000 lilikwenda mahakamani baadaye, na 2018 likaondoka mikono mitupu, kubwa likiwa kwamba muda umepita sana. Waliokufa hawakuwa upande wowote wa kesi. Mtoto wa kijijini hakulipwa wala hakutajwa. Kwa hivyo "walishalipa" ni kweli kama kusema umelipa karo ya shule nzima kwa sababu umemlipia mwanafunzi mmoja.

Makubaliano yale yalileta pia mnara, pale Uhuru Park, uliozinduliwa Septemba 2015. Kama hujauona, nenda siku ukiwa tao. Mwanamke anampa chakula mpiganaji wa msituni. Ni mzuri, na ninafurahi kwamba mwanamke yumo. Lakini hata mnara uliojengwa kwa ajili ya walioteswa umemweka mpiganaji. Mfungwa hayupo. Kijiji hakipo. Ni kama vile tunaona aibu kumkumbuka mtu aliyeteseka tu, bila ushujaa wa kuonyesha. Ile sikukuu ya 20 Oktoba tunaiita Mashujaa Dei tangu Katiba ya 2010, na sina neno na mashujaa. Swali langu ni la yule ambaye hakuwa shujaa, alikuwa na miaka mitatu.

Jambo hili limewahi kufanyika kwingine, likaharibika vile vile. Kule Afrika Kusini, Mwingereza huyo huyo aliwafungia Makaburu katika kambi wakati wa vita vya 1899 hadi 1902. Wanawake na watoto wapatao 26,000 walikufa. Mwaka 1913 walijengewa mnara mkubwa Bloemfontein, na kumbukumbu ile ikawa mtaji wa siasa kwa miaka mingi. Waafrika weusi nao walikuwa na kambi zao katika vita hivyo, na waliokufa walioandikwa ni zaidi ya 14,000. Hawakuwekwa kwenye mnara. Makaburi yao yalifunikwa na nyasi na kulimwa juu. Ukumbusho ukiachiwa siasa peke yake, unakumbuka wapiga kura.

Wajerumani wana njia ninayoipenda zaidi. Msanii mmoja, Gunter Demnig, alianza kupachika vibao vidogo vya shaba kwenye njia ya miguu, mbele ya nyumba alimokuwa akiishi mtu kabla hajachukuliwa na Wanazi. Kila kibao mtu mmoja: jina, mwaka wa kuzaliwa, alikopelekwa. Vimepita 100,000 sasa. Unatembea kwenda kununua mkate, unasoma jina.

Na sisi tunatembea juu ya nini? Jumapili wengi wenu mtakula pishori ya Mwea. Mifereji ya kwanza ya Mwea ilichimbwa na wafungwa wa kambi. Mto Thika tunaoujua wote unatoa maji kwenda mfereji wa Yatta, kilomita kama 60, nao ni kazi ya mikono ya wafungwa. Uwanja wa ndege wa Embakasi uliofunguliwa 1958, hivyo hivyo. Ukienda Mombasa unaipita Manyani, bado ni gereza. Kule Nyeri, kambi ya Aguthi ni shule ya wasichana ya Kangubiri, na kambi ya Mweru ni shule ya upili ya Mweru. Vijana wenzetu wa African Digital Heritage wakishirikiana na Museum of British Colonialism wamezijenga upya kwenye kompyuta, unaona vyumba na waya ulipopita. Hawakungoja bajeti.

Mtasema, "Lakini Mugutha hapakuwa na haya." Sehemu hizi zilikuwa mashamba ya kahawa na mkonge ya masetla, na vibarua walichujwa huko huko mashambani. Wengi wetu ni watu wa kuja, wazazi walinunua ploti mashamba yalipokatwa. Tulikuja na sufuria, godoro na shosho. Kumbukumbu ya vijiji vya Gatundu, Murang'a na Nyeri iko hapa Mugutha, katika vyumba vya nyuma, inaota jua asubuhi.

Basi ni kazi ya nani? Kwenye mijadala watu wanapiga kelele "serikali!" bila kusema ipi. Katiba, Jedwali la Nne: makumbusho ni kazi ya kaunti. Minara na maeneo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, kupitia Makumbusho ya Kitaifa, na sheria ya 2006 inaruhusu eneo litangazwe rasmi kuwa la urithi. Mtaala wa shule pia ni wa serikali kuu. Kwa hivyo mgombea wa bunge la kaunti akikuahidi kubadilisha vitabu vya historia, anakuahidi asichokuwa nacho. Na mgombea wa ugavana akikwambia makumbusho ni ya Nairobi, anakwepa. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa kila mkazi haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, na halihitaji wakili.

Kitabu nilichosomea shule ya upili kiliandika kambi katika mistari michache, chini ya kichwa cha "hatua za serikali". Mwalimu alitusomea, tukapiga mstari kwa kalamu nyekundu, tukaenda kwa swali la maksi tano. Nataka mwanafunzi wa Kangubiri ajue bweni lake lilikuwa nini. Nataka wa Kiambu apelekwe Lari, kuna makumbusho madogo ya amani pale. Lari ni pagumu: usiku wa 26 Machi 1953 Mau Mau waliua familia za walinzi, wanawake na watoto ndani ya nyumba zinazowaka, kisha askari na walinzi wakalipiza kwa kuua wengi zaidi. Makumbusho yale yalianzishwa na watu wa pande zote mbili. Yule anayetukana "mjukuu wa ngati" kwenye mkutano nitampeleka huko kwanza.

Tunachoanza wiki ijayo ni kidogo. Kila mmoja mwenye mzee nyumbani anamrekodi kwa simu, kwa lugha yake, Kikuyu, Kikamba, yoyote. Maswali ni machache: uliishi kijiji gani? Nani wa kwenu alipelekwa kambini, kambi ipi? Nani hakurudi? Nani alikufa kijijini, na aliitwa nani? Usimuulize alikuwa upande gani. Akitaka atasema. Andika jina kama anavyolitamka yeye, si kama karani wa mkoloni alivyoliharibu. Tutaweka nakala tatu mahali tofauti, na hakuna sauti itakayowekwa mtandaoni bila mwenyewe kukubali. Majina yakifika mia moja tutaandika ombi letu kwa bunge la kaunti, tukiwa na kitu mkononi.

*

Baada ya hotuba kulikuwa na maswali. Mzee mmoja alisema mfungwa mwenyewe anaweza kuandika, akatukumbusha Gakaara wa Wanjau aliyeandika shajara akiwa kizuizini, ikawa kitabu kwa Gĩkũyũ mwaka 1983 na kupata tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Vijana watatu tu ndio waliokuwa wamemsikia.

Msichana mmoja akauliza: na kama shosho hataki kuzungumza? Nilianza kujibu, mama mmoja wa nyuma akanikatiza. Akasema, "Usimkalishe kama mtu wa polisi. Mama yangu alichujwa akiwa amekalishwa hivyo hivyo, karatasi mbele yake. Chukua kisu, umsaidie kumenya viazi, na simu iweke mfukoni mpaka akuruhusu."

Tumeiongeza kwenye maelekezo. Anayetaka nakala ya maswali aniandikie hapa chini, aseme yuko wapi: Mugutha, Kimbo, Juja, Thika, popote.